Sauti Kutoka Antalya

"Mwatima wangu, ukitoka nje kwa mlango wa uwanja wa ndege, kuna watu watakuita. Madam, madam, teksi! Hao usiwajibu. Wewe nyamaza, shika begi yako, endelea mbele."

Sauti ilikuwa ya mwanamume, nzito na ya taratibu, na ilikuwa ikitoka kwenye spika kubwa ya sebuleni, ile iliyokuwa ikisoma Yasini tangu asubuhi.

Mwatima alikuwa jikoni akiepua kachori. Simu ilikuwa juu ya kabati, kando ya bakuli la unga. Alikuwa ameibonyeza kwa kidole kimoja, akitaka aisikilize ile sauti kidogo tu, sikio juu ya simu, kabla hajarudi kwa watu. Alisahau kabisa kwamba binti yake Zuleha aliiunganisha simu hiyo na spika kwa ajili ya hitima, na kwamba hakuna aliyeitenganisha. Sasa akaikamata aizime. Vidole vilikuwa na mafuta, kioo kikagoma. Akapangusa kidole kwenye kanga, akabonyeza tena, akakosea, sauti ikazidi kupanda.

"Kuna tramu hapo hapo. Kadi unanunua kwa mashine, na mashine iko na Kiingereza. Usipande bila kugusisha kadi, kuna wakaguzi, na mimi sitaki mtu akupigie kelele siku ya kwanza."

Alipofika mlangoni mwa sebule, ujumbe ulikuwa umekwisha wenyewe.

Wageni walikwishaondoka baada ya sala ya alasiri. Walibaki wawili. Zuleha, msichana wa miaka ishirini anayesomea ufamasia, alikuwa amekaa juu ya zulia na sinia la vikombe mapajani. Na Idarous alikuwa amesimama.

Idarous alikuwa kaka mkubwa wa Feisal, marehemu mume wa Mwatima. Kwa miaka sita tangu Feisal afariki, ndiye aliyekuwa mwanamume wa nyumba ile ya Bordesley Green, jijini Birmingham. Boila ya maji moto ikiharibika, yeye ndiye aliyeleta fundi. Shule ikimwita mzazi wa Zuleha, yeye ndiye aliyekwenda. Kila Jumamosi alileta samaki kutoka dukani kwake Stechford, wamekwishaparwa. Siku hiyo alikuwa amekuja kwa mambo mawili. La kwanza ni hitima ya mwaka mmoja ya Safiya, dada yake Mwatima, aliyetoka Unguja kwenda kupasuliwa moyo Antalya, ule mji wa pwani ya Uturuki, akafia huko na kuzikwa huko. La pili lilikuwa kukagua safari, maana kesho yake asubuhi Mwatima alikuwa apande ndege kwenda kuliona kaburi la dada yake kwa mara ya kwanza.

Hivyo ndivyo alivyowaambia.

"Nani huyo?" Idarous aliuliza.

"Ni mkalimani, shemeji. Yule aliyekuwa akimtafsiria Safiya hospitali."

"Mkalimani anakwita 'Mwatima wangu'?"

Mwatima alihisi uso umemchemka mpaka masikioni. Zuleha alikuwa akimtazama kama mtu anayeukuta mlango wa nyumba yao umelala wazi asubuhi.

"Mama," Zuleha alisema. "Yule ni nani, seriously?"

"Anaitwa Sugow."

"Sugow," Idarous alirudia. "Msomali?"

"Msomali wa Kenya. Amekulia Garissa. Alikwenda Antalya kusoma, akabaki. Anatafsiria wagonjwa wanaotoka kwetu."

"Na wewe unakwenda kwa nani kesho, kwa Safiya au kwa Sugow?"

"Kwa Safiya," alisema Mwatima. Halafu, kwa sababu alikuwa amechoka kusema nusu, akaongeza, "Na kwake."

Idarous aliinama mezani. Pasipoti na karatasi ya tiketi zilikuwa hapo, kando ya mizani ndogo ya kupimia mizigo aliyokuja nayo. Aliichukua pasipoti, akaitia mfuko wa ndani wa koti lake, akafunga kifungo.

"Safari hakuna."

"Shemeji, hiyo ni pasipoti yangu."

"Na wewe ni amana yangu! Feisal alinishika mkono huu, huu hapa, siku mbili kabla hajakata roho, akaniambia, kaka, nakuachia hawa. Leo niulizwe huko msikitini, yuko wapi mke wa marehemu? Niseme nini? Amekwenda Uturuki kumfuata mwanamume aliyemjua kwa simu?"

"Punguza sauti. Ukuta huu tunachangia na Bi Kulwant, anasikia kila kitu."

"Asikie! Kwani wewe umemuona huyo mtu hata siku moja?"

"Nimemuona kwenye video."

"Kwenye video hata mimi naonekana kijana."

Siku nyingine wangecheka. Mwatima alivuta kiti akakaa. Alitaka kueleza, lakini lingeanzia wapi jambo lile? Wiki kumi na moja Safiya alilala hospitali, na kila jioni saa kumi na mbili, Mwatima anapotoka kwenye kazi yake ya kuwagawia wagonjwa chakula, simu ililia, ni Sugow. Leo amekunywa supu. Leo amemuuliza yule daktari mwanamke kama mumewe anajua kupika. Leo amecheka. Siku Safiya alipofariki, Sugow hakusema maneno mengi. Alikaa kwenye simu, kimya, karibu saa nzima, mpaka Mwatima akamaliza kulia. Baada ya arubaini akapiga kuuliza kama anakula. Kesho yake akapiga tena.

"Ni nani wako?" Idarous alimkazia. "Nataka neno moja. Mchumba? Rafiki? Nani?"

"Hajaniomba ndoa."

"Ndiyo hivyo! Hajaomba. Anataka mwanamke apande ndege mwenyewe, afike mwenyewe, halafu yeye ndiye aamue. Wangapi tumesikia wamekwenda hivyo? Unafika nchi ya watu, lugha huijui, njia huijui, mwenyeji wako ni yeye peke yake. Akikufungia mlango utamwita nani?"

Neno hilo lilimfika Mwatima mahali, kwa sababu hata yeye usiku mwingi alikuwa amejiuliza hivyo hivyo.

Zuleha aliweka sinia chini. "Zipo ngapi?"

"Nini?"

"Hizo voice note. Alizokutumia."

"Leo ametuma tano."

"Nipe simu."

"Zuleha, mwanangu..."

"Mama, umenidanganya wiki tatu. Nimekufungia mizigo na mikono yangu. Nipe simu."

Mwatima aliitoa. Mafuta ya kachori yalikuwa bado yanang'aa juu ya kioo. Zuleha aliifuta kwa shungi lake la kichwani, akamtazama ami yake.

"Kama ni tapeli, Ami, tutamjua. Kaa."

Idarous hakukaa. Zuleha akabonyeza.

Kwanza ulisikika upepo, na mtu anayehema kidogo, kama anapanda ngazi. Kisha kengele.

"Unasikia? Hiyo ni kengele ya tramu. Nimeingia na nimetoka, nimepita njia yote kama vile ni wewe umefika, ndio nisikwambie kitu ya uongo. Unashuka kituo cha Ismetpasha. Ukivuka barabara unaona mji wa kale uko chini. Viatu vya kisigino acha Birmingham, mawe ya huku yanateleza, hata paka huanguka. Hoteli nimekutafutia ya mama mmoja mjane, mlango wake uko na rangi ya buluu. Mimi siishi karibu na hapo. Ni dakika arobaini kwa basi. Nimefanya hivyo makusudi, usidhani nimekutupa."

"Hata Kiswahili chake kimevunjika," Idarous alinung'unika.

"Na changu je, Ami?" Zuleha aliuliza bila kumtazama, akabonyeza inayofuata.

"Dolmushi ni zile basi ndogo za buluu na nyeupe, zinasimama popote ukiinua mkono, lakini dereva haulizi unaenda wapi, kwa hivyo nimekuandikia majina kwa karatasi, nimeacha kwa yule mama wa hoteli. Onyesha karatasi tu. Mvua ya Oktoba huku inakuja ghafla, beba koti. Dawa zako za presha weka kwa mkoba wa mkononi, usiweke kwa begi kubwa. Begi kubwa zinapotea."

Zuleha aliinua macho. "Anajua kuhusu presha yako?"

"Anajua."

"Mimi nimejua mwezi uliopita."

Mwatima aliangalia mikono yake. Sauti ya nne ilikuwa imekwishaanza.

"Hii ni ya kwenda kwa Safiya." Hapa Sugow aliongea pole pole zaidi, na nyuma yake hapakuwa na magari, ndege wakilia tu mitini na mtu anayefagia mbali. "Panda basi asubuhi, saa tatu. Kaa upande wa kushoto, upande wa kulia jua linapiga, na wewe jua linakuletea kichwa. Getini wanauza maji ya kumwagia kaburi, usinunue, bomba liko ndani. Safu ya tisa. Jina walikuwa wameliandika vibaya, wameweka herufi za kwao. Nimerudi ofisini kwao mara nyingi, ilichukua miezi miwili, sasa wameandika sawa. Mwatima, hapo nenda peke yako. Nikiwa kando yako hutalia vizuri. Mimi nitasimama getini, ama nisikuje kabisa. Useme wewe."

Zuleha alishika mdomo. Mabega yake yalianza kutikisika. Safiya ndiye aliyemlea kila likizo ya Unguja, ndiye aliyemfundisha kusuka ukili na kutukana kwa adabu, na kwa mwaka mzima msichana huyo hakuwahi kujua kwamba jina la mama mkubwa wake lilikaa miezi miwili likiwa limekosewa, wala kwamba kulikuwa na mtu aliyekuwa akienda kulipigania.

Idarous alijikohoza. "Imebaki moja," alisema.

"Hiyo sijaisikia," Mwatima alisema haraka. Aliinuka. "Hiyo ya mwisho imeingia nikiwa jikoni. Zuleha, iache. Nitaisikiliza mwenyewe."

"Kwa nini?" Idarous alimgeukia. "Ndani yake kuna nini?"

"Sijui kuna nini. Ndiyo maana."

Wote watatu walielewa anachokiogopa. Mtu akizungumza na mwanamke peke yake anaweza kusema maneno ambayo binti hapaswi kuyasikia, wala shemeji. Na sauti hii ilikuwa ndefu kuliko zote. Dakika nne. Zuleha alisita, kidole juu ya kioo.

"Iweke," Idarous alisema. "Kama ni mtu wa heshima, haitamwaibisha."

Zuleha alimtazama mama yake. Mwatima alikaa tena, akajifunika kanga vizuri kichwani kama anayejiandaa kupokea habari ya msiba, akaitikia kwa kichwa.

Upepo. Bahari, ikipiga mwamba chini kabisa. Kijiko kikigonga glasi.

"Hii ya mwisho ni ya kurudi." Kijiko kikawekwa mezani. "Sikiliza vizuri, hii ndiyo muhimu. Siku hiyo ya kwa Safiya, saa kumi jioni, mimi nitakuwa hapa, bustani ya chai, juu ya bahari, meza ya pembeni. Wewe usije moja kwa moja. Pita kwa ile njia ya juu, kuna miti, mimi sitakuona. Niangalie. Angalia navyokaa, navyomwambia mhudumu asante. Chukua muda wako. Kama moyo unakataa, usije kunieleza, na usione haya. Rudi Ismetpasha, lakini vuka reli, simama upande wa pili. Tramu iliyoandikwa Havalimanı, hiyo ni uwanja wa ndege, inafika mwisho wa reli, huwezi kupotea. Tiketi yako inaruhusu kubadilisha siku, nimeuliza. Na kama hutaki kurudi Birmingham haraka, baki kwa yule mama, nenda kwa Safiya kila siku, mimi sitakanyaga mtaa huo."

Alivuta pumzi.

"Mimi nitakaa mpaka saa moja, nitamaliza chai yangu, nitaenda nyumbani. Sitakupigia kukuuliza. Nimekuambia njia zote kwa sababu huku unamjua mtu mmoja peke yake, na huyo mtu ni mimi. Sitaki ukae na mimi eti kwa sababu hujui njia ya kutoka. Basi. Umeshakula leo?"

Ikakatika. Upande wa pili wa ukuta televisheni ya Bi Kulwant ilisikika ikicheka.

Idarous alikaa, hatimaye. Alikaa kwenye ukingo wa kochi na mikono katikati ya magoti, na Mwatima aliona jinsi alivyozeeka tangu mazishi ya Feisal.

"Maneno," alisema, lakini kwa sauti ndogo. "Maneno mtu yeyote anaweza kuyarekodi."

"Kweli," alisema Mwatima. "Inawezekana nikamfikia nikamkuta si yeye. Inawezekana nikarudi kwa tramu hiyo hiyo siku hiyo hiyo, na wewe ukanicheka. Lakini nataka niende nikaone kwa macho yangu. Shemeji, miaka sita sijakukatalia neno. Ulisema nisihame mtaa, sikuhama. Ulisema nisichukue kazi ya usiku, sikuchukua. Leo nakuomba pasipoti yangu."

"Na Feisal nimwambie nini?"

"Feisal nitamwambia mwenyewe. Namwambia kila siku."

Idarous alifungua kifungo cha koti. Alitoa kile kitabu kidogo, akakishika muda mrefu, halafu badala ya kumpa Mwatima akakiweka mkononi mwa Zuleha.

"Baba yako aliniachia nyinyi wawili," alimwambia. "Huyu mmoja nimeshindwa naye. Sema wewe. Ukisema asiende, hatakwenda. Namjua."

"Ami, usinifanyie hivyo. That's not fair."

"Sema."

Ilikuwa kweli, na Mwatima alijua kwamba ni kweli. Zuleha akisema hapana, angelitoa koti la safari begini akalitundika kabatini, na kesho angekwenda kazini kugawa uji. Aliutazama uso wa mwanawe, ambao ulikuwa wa Feisal mtupu kuanzia nyusi hadi kidevu, na hakuthubutu kumuomba kitu.

Zuleha alielewa Kiswahili chote, lakini tangu utotoni, likija jambo zito, alijibu kwa Kiingereza, au kwa kuchanganya. Sasa alizungumza Kiswahili peke yake, neno baada ya neno, kama mtu anayevuka mawe ya mtoni.

"Ungeniambia lini?"

"Nikirudi."

"Kwa nini si kabla?"

"Niliogopa utanitazama hivyo unavyonitazama."

"Na Baba je? Umemsahau?"

"Zuleha." Mwatima alitafuta pa kushika, akashika ncha ya kanga. "Mimi mpaka leo nalala upande wangu wa kitanda. Miaka sita. Usiku nikigeuka, naishia katikati, sivuki. Si kwamba nimemsahau baba yako. Nimechoka kulala ukingoni."

Idarous aligeuza uso dirishani. Machozi ya Zuleha yalikuwa yakishuka bila sauti, naye hakuyafuta.

"Unampenda?"

Neno hilo Mwatima hakuwahi kulisema, si kwa Sugow, si kwa nafsi yake. Kulisema mbele ya shemeji yake, katika sebule ile yenye picha ya Feisal na harufu ya udi wa hitima, lilikuwa jambo ambalo jana asingeliamini.

"Nampenda," alisema.

Zuleha alisimama, akamwekea pasipoti mapajani.

Idarous aliichukua mizani yake, akaivua ndoano, akaikunja ndani ya kitambaa. Kachori alizotengewa zilikuwa bado zimejaa sahanini.

"Mimi kesho sitakupeleka," alisema.

"Najua, shemeji."

"Na wakiniuliza, nitasema sikujua."

"Sema ulijua na hukuridhika. Hiyo haitakuvunjia heshima."

Alimtazama kwa mara ya mwisho, na ndani ya macho yake hamkuwa na hasira tena, bali kitu kizito kuliko hasira. Alivaa kofia. Hakuaga. Mlango wa mbele ulifungwa taratibu sana, na huo upole ndio uliomuumiza Mwatima, maana Idarous siku zote alikuwa mtu wa kubamiza milango. Alijua kwamba Jumamosi ijayo samaki hawatakuja, na huenda wasije tena.

"Atarudi?" Zuleha aliuliza.

"Sijui, mwanangu."

Zuleha alijipangusa pua. "Mimi nitakusindikiza. Tutapanda treni Stechford, inafika mpaka uwanja wa ndege." Akaliangalia begi. "Na hivyo viatu vya kisigino nitavitoa."

Mwatima alichukua simu. Kwa mwaka mzima alikuwa amezungumza na mtu huyu kwa kunong'ona, mlango umefungwa, bomba la maji limefunguliwa ili asisikike. Safari hii alibonyeza pale alipokaa, mbele ya binti yake, na akatumia sauti yake ya kawaida.

"Sugow. Nimesikia zote. Kule bustanini usinisubiri, na mimi sipiti njia ya miti. Njoo uwanjani, usimame pale mlangoni, mbele ya hao wenye teksi. Nikitoka nataka nikukute."

Alituma kabla hajabadili mawazo. Alama mbili zikageuka buluu pale pale. Zikapita sekunde, halafu dakika. Juu ya kioo iliandikwa kwamba anarekodi, ikafutika, ikaandikwa tena, ikafutika.

"Amezimia," alisema Zuleha.

Jibu lilipoingia Mwatima akalibonyeza, likatokea kwenye spika kubwa, maana hata sasa hakuna aliyeitenganisha. Mwanzo lilikuwa pumzi tu. Yule mwanamume aliyejua vituo vyote, na mabasi yote, na upande gani una kivuli, alikohoa, akaanza neno, akaliacha.

"Sawa," alisema hatimaye, kwa sauti nyembamba ambayo Mwatima hakuwahi kuisikia. "Sawa. Nitakuja. Nivae shati gani?"

Zuleha ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kilichochanganyika na kamasi, akaanguka juu ya zulia. Mwatima aliisogeza simu mdomoni.

"Lolote," alisema. "Bora liwe limepigwa pasi."